Silabi ya Zillah Tattersall

Banda la kufumia la kiwanda cha Hollinshaw lilikuwa na mitambo mia saba na ishirini. Ikishawashwa saa kumi na mbili asubuhi, hakuna aliyesikia tena sauti ya mwenzake mpaka izimwe. Kwa hiyo wafumaji waliongea kwa midomo. Waliivuta, waliikunja, waliifumba na kuifumbua wazi bila kutoa sauti hata chembe, na aliyesimama mitambo sita mbele alisoma kila neno. Habari za harusi, za mimba, za msimamizi aliyenyoa sharubu akabaki kama yai lililomenywa, zote zilivuka banda lile kimya huku mitambo ikitwanga.

Zillah Tattersall aliingia humo akiwa na miaka kumi. Alipotimiza arobaini na moja alikuwa na mitambo yake minne, nyumba namba tisa Mtaa wa Inkerman aliyoachiwa na baba yake, na bati la biskuti lililojaa vikaratasi vya buluu. Hakuwahi kuolewa. Wengine mtaani walimwonea huruma kwa ajili ya hilo, naye hakuwahi kuona sababu.

Habari ya vikaratasi ilianza Jumanne moja ya mwezi Machi, mwaka 1909. Rafiki yake Keziah Pickup, aliyesimama ng'ambo ya njia, alikuwa akimsimulia jinsi mama mkwe wake alivyoteleza nyuma ya banda la makaa. Zillah alikuwa ameinama kuweka uzi mpya. Alipoinua macho akaona midomo ya Keziah inafumba, kisha inafunguka kidogo na kutanuka, kwa namna ileile, mwanzoni mwa neno. Ikafanya hivyo tena. Na tena. Neno la nyuma ya, behind; neno la mbele ya, before; neno la kando ya, beside; neno la katikati ya, between: yote yalianza na mfumbo uleule, kama milango minne inayofunguliwa na mkono mmoja.

"Unanikodolea nini mdomoni?" Keziah akauliza kwa midomo. "Nina mkate kwenye meno?"

"Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Pale mama mkwe alipoangukia."

"Shoga! Mtu kavunjika nyonga, wewe unataka nirudie ufurahi?"

Lakini alirudia, kwa sababu ilikuwa habari nzuri, na safari hii mama mkwe alianguka kwa kishindo zaidi.

Jioni ile Zillah alikula viazi vyake na kabichi nyekundu ya siki, akafuta meza, akateremsha kamusi. Kamusi ile ilikuwa ya baba yake, Job Tattersall, mfumaji kama yeye, ambaye koo lilimharibikia uzeeni hata sauti ikamtoka yote. Siku ya mwisho mzee alilala akichezesha midomo, na mchungaji aliyeketi karibu akanong'ona kwamba mzee anasali. Zillah akamwambia kwa upole kwamba hasali, anagawa mali. "Saa ni ya ndugu yangu Amos," midomo ilisema. "Kamusi ni ya Zillah. Mwambie mchungaji asogeze kiti chake, kinanikanyagia blanketi." Mchungaji akasogeza kiti.

Basi akafungua kwenye herufi B, akaanza kunakili. Karatasi alizipata kwenye mifuko ya sukari ya duka la ushirika, ile ya buluu, aliyoikata vipande sawa kwa mkasi. Kila neno lilipata kipande chake, na kila kipande kilipata tarehe. Aligundua kwamba ile be- ya mwanzo, ambayo siku hizi haiwezi kusimama peke yake, zamani ilikuwa neno zima lenye miguu yake. Iliitwa bi, na maana yake ilikuwa kando ya kitu, au kukizunguka. Watu waliovuka bahari kutoka pande za Wajerumani na Wadenishi, miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita, walikuja nayo vinywani. Baadaye neno lile likajigawa. Nusu yake ikabaki huru, ikawa by. Nusu nyingine ikaingia utumishi mbele ya maneno mengine, isitoke tena.

Akatenga marundo. Kulikuwa na be- ya mahali, ile ya mama mkwe na banda la makaa. Kulikuwa na be- ya kuzunguka, kama watu wanapomzingira adui pande zote, wanasema beset. Ile ya kufanya jambo mpaka likome, mpaka pasibaki pakavu, ilikuwa na kikaratasi alichokipenda kuliko vyote: bedraggled, mtu aliyelowa na kuburura matope mpaka anatia huruma, yaani kila mfumaji wa Hollinshaw asubuhi ya Novemba. Rundo la nne lilikuwa la kumfanyia mtu jambo, kama befriend, kumfanya mtu rafiki.

Rundo la tano lilimsumbua. Humo maneno yalikuwa ya kuondoa. Behead, kumkata mtu kichwa. Bereave, kumpokonya mtu aliye wake. Ilikuwaje silabi iliyokuwa ikizunguka vitu kwa upendo namna ile igeuke na kuvinyakua? Kwenye rundo la tano aliweka kikaratasi cheupe chenye alama moja tu ya kuuliza, na kwa miaka miwili na nusu hakukiondoa.

Bwana Fenwick ndiye wa kwanza kuonyeshwa bati lile. Alikuwa mwalimu kijana mwenye koti jembamba, aliyekuja kwa treni kila Alhamisi kufundisha darasa la jioni katika Jumba la Mafundi. Siku moja aliuliza darasani kama kuna mtu anayeweka maandishi ya aina yoyote nyumbani. Alhamisi iliyofuata Zillah akaja na bati, akalifungua juu ya dawati, akasimama pembeni mikono ikiwa chini ya shali.

Bwana Fenwick alisoma vikaratasi mpaka treni yake ikamwacha.

"Bi Tattersall," alisema, "haya umeyatoa wapi?"

"Kwa Keziah Pickup, bwana. Na kwenye kamusi."

Mwezi wa Januari 1912 alileta habari. Katika wiki ya likizo, kiwanda kitakapofungwa wakati wa kiangazi, chuo cha Oxford kitapokea wanafunzi wafanyakazi kwa siku saba. Hollinshaw imepewa nafasi moja. Wanaoitaka watasimama Jumamosi ya pili ya Februari mbele ya wanachama wote wa jumba, kila mmoja ahutubie kwa nusu saa, kisha wanachama wapige kura kwa mikono. Nafasi kama hiyo, alisema, haitarudi Hollinshaw kwa miaka mitatu.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Bwana Crabtree, karani wa duka la ushirika, mtu mwenye kola ngumu na kalamu mbili mfukoni. Zillah hakujiandikisha siku ile. Alirudi nyumbani, akakitoa kile kikaratasi cheupe, akakitazama. Huko kusini kulikuwa na watu wa kuulizwa. Kulikuwa na vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, ambamo bi bado ilikuwa ikitembea peke yake. Katika miaka mitatu angekuwa na arobaini na nne, na kikohozi cha pamba tayari kilikuwa kimeanza kumtembelea asubuhi.

Siku iliyofuata alimwambia Keziah, kwa midomo.

"Kajiandikishe," Keziah akajibu.

"Sijawahi kuongea mbele za watu."

"Unaongea mbele yangu tangu tukiwa watoto, na hujawahi kunyamaza. Kajiandikishe, la sivyo namwambia msimamizi ndiwe uliyemwita yai."

Akajiandikisha. Bwana Crabtree alikuwepo, akasoma jina juu ya bega lake.

"Na Bi Tattersall atatuhutubia kuhusu nini? Mapishi?"

"Kuhusu be-."

"Kuhusu nini?"

"Be-, Bwana Crabtree."

"Aa." Akatabasamu kwa wenzake. "Kondoo wa mlimani kwetu nao wana hotuba hiyohiyo, na hawahitaji kwenda Oxford."

Wanaume wakacheka. Zillah alisubiri wamalize, akasema, "Ndiyo. Ila wao hawajaipanga kwa marundo," akafunga shali yake akatoka.

Jumamosi viwanda vilisimama saa sita mchana. Saa nane jumba lilikuwa limejaa. Mbele waliketi kamati, wenye maduka na wake zao. Nyuma kabisa, kwenye mabenchi yasiyo na mito, waliketi wafumaji, ambao walikuwa wanachama kwa miaka mingi kwa ajili ya chai na dansi ya Krismasi na hawakuwahi kupiga kura yoyote. Walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na pamba bado kwenye nywele.

Bwana Crabtree alianza. Alihutubia kuhusu barabara za Warumi. Aliongezewa dakika kumi kwa heshima, akatumia ishirini na tano, na alipofika kwenye kokoto za tabaka la tatu, mzee mmoja safu ya pili alikuwa akikoroma kwa adabu. Akapigiwa makofi ya kutosha.

Kisha Zillah akasimama.

Meza ya mzungumzaji ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Aliweka bati juu yake. Watu waliochelewa walikuwa bado wakiingia, na viatu vyao vya mbao viligonga sakafu kwa mamia, kokokoko, kokokoko, mpaka madirisha yakatetema. Zillah alifungua kifuniko. Alitafuta uso mmoja anaoujua, akaupata: Keziah, nyuma kabisa, umbali kama wa kuvuka njia kadhaa za banda. Keziah akamkonyeza.

Zillah akaanza.

Alieleza habari ya bi na watu waliovuka bahari. Alieleza jinsi neno lilivyogawanyika. Ikatoka vizuri kuliko alivyotegemea. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangika. Alipofika kwa mama mkwe na banda la makaa, nyuma wakacheka kwa sauti, na Keziah akajifunika uso. Alipofika kwenye bedraggled, akatoa mfano wa msimamizi na mvua ya Novemba, na mabenchi ya nyuma yakapiga kelele za furaha.

Ila mbele hapakuwa na hata mmoja aliyetabasamu. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso. Mke wa Bwana Crabtree aligeuka mara mbili kuangalia nyuma kuna nini. Bwana Fenwick alikuwa ameinama mbele, mkono sikioni, amepauka. Wananidharau, Zillah akawaza. Akazidi kumkazia macho Keziah, akaendelea.

Mwenyekiti akagonga meza.

"Bi Tattersall," alisema, "dakika kumi na mbili zimepita. Tunasubiri uanze."

Zillah hakuelewa. Akamtazama, akachezesha midomo kumjibu. Na hapo Keziah Pickup akasimama juu ya benchi na viatu vyake vyote viwili.

"Zillah! Washa sauti, mpenzi! Unadhani uko kiwandani!"

Zillah akaweka mkono kooni. Palikuwa pamekauka na kutulia, kama mahali ambapo hapajafanyika kazi yoyote. Miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amemwona Keziah kwa umbali ule, amesikia kelele ile, na mwili wake ukafanya unavyofanya kila siku. Alikuwa ametoa hotuba nzuri kuliko zote maishani mwake, na safu kumi na mbili za mbele hazikusikia hata silabi moja.

Damu ikampanda mpaka kwenye masikio.

"Nadhani tumeona," akasema Bwana Crabtree, akiinuka nusu. "Sheria ni nusu saa. Kimya nacho ni muda. Tumhurumie Bi Tattersall, tupige kura."

"Kimya chako wewe!" sauti ikatoka nyuma. "Sisi tumesikia yote!"

"Kama hukusikia, safisha macho!"

Kicheko kikalipuka. Mwenyekiti akagonga tena. Lakini Bwana Fenwick alikuwa amesimama, amegeukia nyuma, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mmesikia yote?" akauliza. "Alisema nini?"

Mabenchi ya nyuma yakatazamana. Kisha mama mmoja mwenye shali ya kahawia akajibu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyezoea kuipima: "Kasema zamani ilikuwa neno zima, bi, maana yake kuzunguka au kando ya. Ikapasuka mbili kama gauni la kurithi."

"Wajerumani bado wanayo," akaongeza mwingine. "Ni binamu zetu."

"Na between ni kando ya wawili. Ndani yake kuna wawili, ukisikiliza vizuri. Mimi nasema neno hilo kila siku, sikuwahi kuwaona hao wawili!"

"Na mama mkwe wangu yumo!" akapaza Keziah. "Yumo kwenye rundo la mahali, nyonga na yote!"

Wakaendelea kupokezana, mmoja akiachia, mwingine akidaka, hotuba nzima ikasafiri kutoka nyuma hadi mbele bila kupoteza rundo hata moja. Zillah alisimama kwenye meza, mikono juu ya bati, akisikiliza maneno yake yakimrudia kwa sauti za watu arobaini. Walipokoma, wote wakamtazama.

"Zimebaki dakika tisa," akasema Bwana Fenwick.

"Zinatosha," akasema Zillah. Sauti ilitoka ngumu kidogo, lakini ilitoka, ikafika mpaka ukutani.

Akaeleza rundo la nne. Hakumtazama tena mtu mmoja; alitazama jumba zima. Alipofika kwenye la tano, mkono wa Bwana Crabtree ukapanda kabla hajamaliza sentensi.

"Swali dogo tu, Bi Tattersall. Kama hiyo be- yako maana yake ni kuzunguka, mbona tukiiweka mbele ya kichwa, kichwa kinaanguka? Sijaona mtu anayezungukwa mpaka akapoteza kichwa."

Lilikuwa ndilo swali lake mwenyewe, lile la kikaratasi cheupe. Angeweza kusema sijui. Ndivyo alivyokuwa amepanga kusema, na kwamba ndiyo sababu anataka kwenda. Aliinamia bati kukitafuta kile kikaratasi, na mkono wake, mkono wa mtu aliyepika chakula chake kila jioni, ukafanya duara dogo hewani juu ya meza. Akausimamisha. Akautazama.

"Bwana Crabtree," alisema polepole, "umewahi kumenya kiazi?"

Nyuma wakaanza kucheka.

"Hajawahi!" akajibu mke wa Bwana Crabtree, bila kukusudia, kisha akafunika mdomo kwa glovu.

"Ukimenya kiazi," Zillah akasema, na sasa mkono wake ulikuwa ukifanya kazi waziwazi, "hulivuti ganda. Unapitisha kisu kulizunguka. Unazunguka, unazunguka, na ukimaliza kuzunguka, ganda limetoka. Mtu anayekata mti anauzunguka kwanza kwa shoka. Kukata kote kwa zamani kulikuwa kuzunguka. Basi walisema kuzunguka, wakimaanisha kisu kimepita pande zote. Watoto wao wakakumbuka kilichoanguka, wakasahau duara." Akaushusha mkono. "Hilo nimeliona sasa hivi hapa. Halipo kwenye vikaratasi vyangu. Nitakapofika kwa wenye vitabu nitawauliza kama nimekosea."

Alisema nitakapofika, wala hakujirekebisha.

Bwana Fenwick alikuwa akiandika haraka kwenye pindo la mkono wa shati lake.

"La mwisho," akasema Zillah. "Kuna neno tunalotumia mtu anapoacha mali kwa watu wake: bequeath. Leo ni mambo ya karatasi na mihuri. Ila sehemu yake ya pili ni neno la kale la kusema. Kumwachia mtu mali kulikuwa kusema juu ya mali hiyo, kuizungushia maneno mbele ya watu, basi. Baba yangu hakuwa na sauti siku aliyoniachia kamusi. Alisema kwa midomo, nikaipokea kwa macho. Nami leo nimesema kwa midomo, na wenzangu wakapokea. Kwa hiyo naona mambo ni sawa. Nimemaliza."

Alikaa. Kisha viatu vya mbao vikaanza nyuma, kokokoko, kokokoko, na safari hii havikuwa vya waliochelewa. Vilipanda mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye taa, na mzee wa safu ya pili akaamka akiuliza kama kiwanda kimewashwa.

Mwenyekiti aliita kura za Bwana Crabtree kwanza. Mikono ishirini na sita. Akaita za Bi Tattersall. Mabenchi ya nyuma yakainuka yote kama nyasi, lakini hata mbele mikono ilipanda: mwokaji, fundi saa, watu wawili wa kamati. Mwenyekiti alihesabu mpaka mia moja na tisa, akaacha. Mkono wa mia moja na tisa ulikuwa kwenye glovu ya kijivu, umeinuliwa mpaka kwenye sikio tu, pembeni ya Bwana Crabtree.

"Matilda," akasema Bwana Crabtree.

"Ninamenya mimi, Herbert," akajibu mkewe. "Miaka kumi na tisa."

Alipanda jukwaani mwenyewe, Bwana Crabtree, kola yake imelegea kidogo, akampa Zillah mkono. "Lile la kiazi," alisema, "lilikuwa la haki." Naye Zillah akamwambia kokoto za tabaka la tatu alikuwa amezisikia zote, na ilikuwa kweli.

Jumatatu mvua ilinyesha. Wafumaji waliingia kiwandani wamelowa mpaka magotini, wakakung'uta shali, wakasimama kwenye mitambo yao. Saa kumi na mbili mitambo ikawashwa na sauti zote zikafa. Zillah aliinama kuvuta uzi kwenye tundu, akaunganisha, akainua kichwa.

Ng'ambo ya njia, Keziah alikuwa akimtazama. Midomo yake ilifumba, ikafunguka kidogo, ikatanuka. Neno la mbele. Nyuma yake mama wa shali ya kahawia naye akafumba midomo, akafungua: neno la kulowa na matope. Kisha aliyefuata, na aliyefuata, njia baada ya njia mpaka mwisho wa banda, kila mmoja na neno lake, midomo ikifumba na kufunguka kwa mfumbo uleule mmoja.

Msimamizi alipita katikati yao, anatazama kulia na kushoto, hajui anachekwa au hachekwi. Zillah Tattersall alitoa penseli kwenye nywele zake na kipande cha karatasi ya buluu mfukoni. Mstari wa tatu, karibu na dirisha, mtu alikuwa ametamka neno moja ambalo Zillah hakuwa nalo.

"Rudia!" akamwambia kwa midomo, na akaliandika.